Picha Zinazoishia Kiunoni

14 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba watu wa behewa la mizigo hawataikanyaga kama ile ya baba ya mwaka jana, uliyosema ilifika na alama ya kiatu. Sisi hatujambo. Baba bado yuko kiwanda cha magodoro na bado anarudi na pamba nyweleni. Mama anasema siku moja atamkuna kichwa apate mto mzima. Mama mwenyewe yuko kwenye cherehani tangu asubuhi, sare za shule zimejaa mpaka kitandani. Mimi nimemaliza shule. Matokeo bado.

Najua utashangaa kupata barua yangu na siyo ya baba. Kwenye simu sauti yangu hukauka, na wewe simu yenyewe hupokei. Kwa hiyo naandika.

Nina ombi. Baba alisema pale stesheni mna madirisha mawili ya tiketi na moja limefungwa tangu mwenzako astaafu. Je, wanatafuta mtu? Naandika vizuri, sikosei chenji, sijibizani na watu. Ningependa kazi ya kukaa. Siyo kwamba mimi ni mvivu, naomba usinielewe hivyo. Nataka tu kazi ambayo unakaa kabla watu hawajafika, na unainuka wakishaondoka. Ningelala popote, hata sakafuni.

Usimwambie baba kwanza.

Binti yako,
Kimya (bado wananiita hivyo)


2 Februari

Kimya wangu,

Marahaba. Barua imefika safi. Nimeisoma kati ya treni ya saa nne na ya saa sita, nikiwa nimebandika kile kibao cha "Rudi baadaye", ambacho abiria hukisoma vizuri kisha hugonga kioo. Mmoja ameniuliza, "Mama, baadaye ni saa ngapi?" Nimemwambia ni baada ya sasa. Akasimama hapo hapo akaisubiri.

Msalimie sana kaka yangu. Mwambie atumie chanuo. Mama yako msalimie pia.

Umeuliza habari za dirisha. Ni chumba cha hatua nne kwa tatu. Kuna kiti cha kuzunguka, feni isiyozunguka, na kioo chenye tundu la kupitishia mkono. Abiria wananijua kuanzia kifuani kwenda juu. Kuna mzee anayesafiri kila Jumatatu, tumesalimiana miaka kumi na moja, ananiuliza mpaka habari za mafua yangu. Wiki iliyopita nilikutana naye sokoni. Alinipita kama nguzo ya umeme.

Kazi hiyo haikufai. Usiniulize kwa nini. Subiri matokeo yako.

Nakutumia picha. Aliipiga mwenzangu yule aliyestaafu, siku tuliyomuaga. Nimetabasamu kidogo, usizoee.

Shangazi yako


20 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Asante kwa picha. Umependeza, na ile skafu mama ameitazama muda mrefu. Alisema tu kwamba imepindwa kwa mkono. Baba amenunua chanuo, lakini sasa pamba inabaki kwenye chanuo na anatembea nalo nyumba nzima.

Matokeo yametoka. Nimefaulu, na nimechaguliwa kwenda chuo cha upimaji wa ardhi, kuanzia Septemba. Baba ameisoma ile barua kwa sauti mara tatu. Mimi nimefurahi kwa muda wa siku moja, mpaka nilipofika kwenye orodha ya vitu vya kwenda navyo. Suruali mbili za kazi. Kofia. Buti za mpira zinazofika chini ya goti. Wapimaji hutembea mashambani na mabondeni kutwa nzima, wanabeba vyombo vyao begani.

Nilikwenda dukani kujaribu buti. Mguu wangu ni namba thelathini na nane, unyayo ukaingia vizuri, halafu buti likakwama juu ya kifundo. Muuzaji alileta namba arobaini na mbili. Likakwama pale pale. Akasema mbele ya watu, "Dada, huu wa chini ni wako, huu wa juu umeazima wapi?" Walicheka. Hakuwa na ubaya, nadhani. Niliacha hata mwavuli wangu.

Shangazi, nitasema tu kwa sababu ni karatasi. Miguu yangu ni mikubwa. Siyo kidogo. Kuanzia nyonga mpaka kifundoni ni kama ya mtu mwingine, mnene kuliko mimi. Ilianza nikiwa na miaka kumi na mbili. Kwa mwezi mmoja sasa ninakula kabichi na yai moja kwa siku. Uso umekonda, mifupa ya shingo inaonekana, na mama amepunguza blauzi zangu mara mbili. Lakini sketi zangu, nikizianua kwenye kamba, nazikuta zimeongezwa pembeni kwa uzi mpya. Anaziongeza bila kuniambia, na mimi navaa bila kumwambia kwamba nimeona.

Jana nilikuwa natafuta vifungo kwenye sanduku lake, nikakuta daftari la zamani la vipimo, la miaka aliyoolewa. Kuna ukurasa wako. Kiuno inchi ishirini na sita, nyonga arobaini na tatu, paja ishirini na saba. Nilifunga mlango nikachukua tepu nikajipima. Tumetofautiana kiuno tu, nusu inchi.

Picha zako zote tulizonazo ni sita. Nimezipanga mezani. Zote zinaishia kiunoni. Na baba anasema mara mbili alizokuja kukutembelea alikukuta umekaa, na akakuacha umekaa.

Je, wewe pia? Kama ndiyo, naomba uniambie, kwa sababu basi siyo kosa langu peke yangu. Na kama ndiyo, utaelewa kwa nini nalitaka lile dirisha.

Kimya


30 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ya Februari ilifika. Hapa hatujambo, isipokuwa mimi nilianguka nikiwa napiga pasi. Shati la mteja liliungua kola. Mama alinipeleka zahanati. Muuguzi aliniangalia miguu akasema nipunguze kula na nifanye mazoezi. Mama akamwambia, "Huyu hali." Muuguzi akasema wote husema hivyo. Wakanipa vidonge vya kutoa maji mwilini. Nimekwenda chooni sana na kizunguzungu kimezidi, ila miguu iko vile vile.

Kila Jumanne na Ijumaa, treni ya mizigo ikifika, napita ofisi ya vifurushi. Karani sasa akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafika.

Kama nilikukosea kwa kuuliza, nisamehe. Uliza lolote la kwangu, nitakujibu.

Kimya


19 Aprili

Kimya wangu,

Barua zako zote mbili zilifika. Ile ya kwanza ilikaa kwenye droo ya meza yangu, chini ya vitabu vya tiketi, na kila nilipovuta kitabu niliiona.

Mvua huku imeharibu ratiba. Treni ya saa sita inaingia saa tisa na abiria wananigombeza mimi kana kwamba ndiye ninayeisukuma. Jana mama mmoja alitaka kunipa mtoto wake kupitia tundu la kioo ili apate nafasi ya kutafuta kitambulisho. Mtoto hakupita, alipita mkono tu, akanishika kidole mpaka mama yake alipomaliza.

Kula. Hilo kwanza. Rudi kwenye chakula cha kawaida, mboga, maharage, matunda, usijaze sukari, lakini kula mpaka ushibe. Na hivyo vidonge, mwambie mama yako mrudi kwa daktari mwenyewe, siyo kwa muuguzi wa foleni, mumweleze kizunguzungu kabla ya kumeza kingine.

Kisha nijibu haya bila aibu. Nyayo zako zimevimba, au unene unakoma kifundoni ghafla, kama mtu aliyefungwa kamba pale? Ukibonyeza paja kwa kidole, inauma? Unapata alama za bluu bila kujua umejigonga wapi? Ni miguu yote miwili sawa sawa, au mmoja umezidi?

Mengine siwezi kuyaandika leo.

Shangazi yako


3 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nilifurahi mpaka karani wa vifurushi akatabasamu.

Nakula. Tulirudi kwa daktari, akaviondoa vile vidonge, kizunguzungu kimeisha. Kuhusu miguu alisema tu, "Ni maumbile."

Nyayo hazijavimba, ni ndogo. Unene unakoma kifundoni, una ukingo kabisa, kama soksi iliyoteremka. Ukibonyeza inauma. Hata paka akinirukia mapajani inauma, na nilikuwa nadhani ni mimi ninayedeka. Alama za bluu ziko nyingi, leo nimehesabu tisa na sikumbuki hata moja. Ni sawa sawa miguu yote miwili. Jioni inakuwa mizito, kama nimevaa suruali iliyolowa.

Hakuna aliyewahi kuniuliza maswali hayo. Umeuliza kama mtu anayejua majibu.

Chuo wanataka nithibitishe nafasi kabla ya mwisho wa Juni. Fomu iko chini ya godoro, baba anadhani nimeshaituma. Mtu akisema neno "shamba" naliona lile buti. Shangazi, dirisha bado limefungwa? Nijibu hilo moja, hata kwa mstari mmoja.

Kimya


28 Mei

Kimya wangu,

Leo ni Jumapili na nimejifungia nyumbani na karatasi. Salamu tutaziruka.

Ndiyo. Mimi pia. Na bibi yako, mama yetu, alikuwa hivyo hivyo chini ya magauni yake marefu, na dada yake. Sisi tulisema ni mwili wa ukoo, halafu tukanyamaza kama watu wenye mwizi ndani ya familia.

Kitu hiki kina jina. Kinaitwa lipedema. Ni mafuta yanayojikusanya miguuni, mara nyingine na mikononi, pande zote mbili sawa, nyayo yanaziacha. Huwapata wanawake, huanza wanapovunja ungo, au wakati wa mimba, na hufuata damu ya ukoo. Yanauma na hayasikii njaa. Ukishinda na kabichi utapungua uso, kifua na akili, yenyewe yatabaki yamekaa. Daktari aliyeniambia ni msichana mdogo aliyekuja zahanati ya reli miaka miwili iliyopita. Nilikwenda kwa ajili ya kidonda tu, gurudumu la kiti lilinigonga. Akasema, "Mama, nione na mguu wa pili." Nilikuwa sijamwonyesha mtu miguu yangu miaka kumi na minane. Akabonyeza, akaniuliza haya niliyokuuliza. Kisha akasema, "Hukuyatafuta haya kwa kula." Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Sikulia pale, nililia nilipofika kwenye kiti changu, nikabandika kibao.

Kisha aliniuliza, "Kuna ndugu mwenye miguu kama hii? Binti? Mtoto wa kaka?" Nikasema hakuna. Nilijua kaka ana binti, nilijua ana miaka kumi na sita, na sikutaka kuandika nyumbani kuuliza habari za miguu ya mtu, kwa sababu ningeulizwa za kwangu. Wewe umekula kabichi kwa sababu ya lile "hakuna". Nisamehe ukiweza.

Sasa habari ya dirisha. Mimi nilisomea ualimu. Hukujua hilo, najua. Siku ya kupokea vyeti nilitaka suti ya sketi nyembamba kama wenzangu. Mama yako alikuwa ameolewa miezi miwili tu, wifi mgeni, fundi mzuri. Alitaka kunipima. Nikakataa. Nilimsomea vipimo vyangu vya mwaka wa nyuma, nikamwambia sijabadilika. Nilijua nimebadilika. Asubuhi ile chumba kilijaa wanawake, shangazi zangu, majirani. Nikavaa, sketi ikakwama mapajani, haiendi juu wala chini. Mmoja akasema, "Mwiteni mpuliza puto aje atoe upepo." Wakacheka wote. Nikamtazama mama yako, kwa sababu ndiye pekee aliyejua nilivyokataa kupimwa. Naye alikuwa anacheka.

Sikwenda kuchukua cheti. Wiki iliyofuata nilipanda treni, na mahali iliponishusha walikuwa wanatafuta mtu wa kukaa. Ndiyo maana dirisha halikufai. Siyo kwamba ni kazi mbaya. Ni kwamba niliingia kwa wiki chache, mpaka wasahau, na sasa ni miaka ishirini.

Haiponi kabisa, sitakudanganya. Kuna mahali wanaifanyia upasuaji wa kufyonza mafuta, ni mbali nasi na si kwa kila mtu. Lakini inatulizwa isizidi. Kutembea kunasaidia, na kutembea ndani ya maji zaidi. Inua miguu ukipumzika. Paka mafuta ngozi isipasuke. Na kuna soksi za kubana, siyo zile za dukani, zinafumwa kwa vipimo vya mtu mwenyewe, kuanzia vidole mpaka nyonga. Mimi ninazo. Nakutumia fomu. Upimwe asubuhi, ukitoka tu kitandani, kabla miguu haijajaa. Fomu ina sehemu kumi kwa kila mguu. Irudishe, nitaifikisha kwa yule daktari, na nitamwambia kwamba ndugu yupo.

Tuma fomu ya chuo.

Shangazi yako


15 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya ndoo kwenye choo cha uani, mahali pekee penye komeo. Nimeisoma mara nyingi mpaka baba akagonga akauliza kama nimehamia huko.

Nimekusamehe. Nilikuwa nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa mstari.

Mama sijui nimfanyeje. Jana alikuwa anaimba akikata kitambaa na mimi nikawa namsikia akicheka ile siku. Sijamwambia chochote. Nimejipima mwenyewe, asubuhi, mlango nimefunga. Vipimo viko ndani ya bahasha.

Fomu ya chuo nimeituma leo. Jina langu limetoka kama limeandikwa na mzee.

Kimya


20 Julai

Kimya wangu,

Marahaba. Soksi zimefumwa, ziko kwenye kifurushi hiki. Daktari amekusalimu, ameandika jina la ugonjwa kwenye karatasi yenye mhuri, mwonyeshe huyo daktari wenu wa maumbile. Vaa asubuhi kabla ya kusimama sana. Zinavaliwa kwa glavu za mpira, na kwa matusi kidogo. Mara ya kwanza nilitumia nusu saa na nikaomba radhi kwa Mungu.

Usimchukie mama yako kwa ajili yangu. Hilo sikukupa.

Wamepata mtu wa dirisha la pili. Ana miaka ishirini na mbili na anaongea kama redio.

Shangazi yako


9 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba mzima, mama mzima, na nina mengi.

Soksi hazikunifaa. Juu zilijikunja, nyuma ya goti zikanikata mpaka pakatoka mstari mwekundu, kifundoni zikalegea. Nilizivaa siku nne nikidhani ndivyo zilivyo. Siku ya tano nikafikiri labda nimekosea vipimo, nikachukua tepu nikaanza upya. Nilikuwa nimeinama, tepu iko kifundoni, sketi imepandishwa, na mlango wa chumba sikuwa nimeufunga vizuri. Mama aliingia kutafuta mkasi.

Alisimama. Aliona soksi, aliona fomu, aliona daftari la zamani liko wazi kwenye ukurasa wako. Nilidhani atatoka, kama anavyotoka siku zote. Akasema, "Mtu hajipimi mwenyewe."

Nikateremsha sketi.

"Ukiinama mguu unabadilika. Goti linakunjika, paja linajaa. Hilo nilikufundisha una miaka tisa."

"Nilisahau."

"Hukusahau," akasema. "Hukutaka kuonwa."

Akapiga magoti mbele yangu. Unajua mama akipima huweka pini mdomoni. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya kazi. Siku ile alizitoa zote, akazichomeka kwenye kanga, akasema, "Zinanisaidia nisiseme na wateja. Wewe nimekuwekea pini miaka sita." Aliniambia alikuwa ananiongezea sketi kimya kimya akidhani ananisitiri. Nikamwambia nilidhani ananionea aibu. Akasema, "Na mimi nilidhani ukijua kwamba najua, utaondoka."

Sikuwa nimemwambia neno lako hata moja. Lakini aliutazama ule ukurasa, akasema mwenyewe, "Alikuambia kwamba nilicheka."

Nikatikisa kichwa kuitikia.

"Nilicheka. Nilikuwa na miezi miwili ndani ya nyumba ile, hakuna aliyekuwa ananisemesha isipokuwa yeye. Wote wakacheka, nikacheka, nikajiona na mimi ni wa pale. Ilikuwa kama pumzi tatu hivi. Nilipomtazama alikuwa ananitazama mimi." Kisha akasema, "Sketi ile ninayo. Ina inchi mbili za akiba kila upande. Nilizikunja ndani kwa sababu nilijua vipimo alivyonipa si vya kweli. Ingetosha kuzifungua, ni kazi ya robo saa. Nilipomaliza kucheka alikuwa ameshatoka mlangoni."

Asubuhi iliyofuata alinipima. Aliniamsha kabla ya chai, nikasimama ukutani nimenyooka, akaweka alama miguuni mwangu kwa chaki ya kushonea, kila sehemu ya fomu nukta moja, akapima kila nukta mara mbili. Alipofika penye alama za bluu alilegeza tepu bila kuambiwa. Nilikuwa na nukta nyeupe ishirini. Hatukuongea. Lakini hakikuwa kimya kile cha siku zote.

Vipimo vipya ni hivi, mwandiko ni wake.

Kimya


12 Oktoba

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa chuoni, bwenini, kitanda cha juu dirishani. Sijapata barua yako tangu Julai, ni kifurushi tu kilichofika mwishoni mwa Agosti bila hata kikaratasi. Soksi zimekaa kama ngozi. Asante.

Sitasema nina furaha, kwa sababu unajua kutambua uongo. Tuko wanne chumbani na wenzangu watatu wanatoka shule moja. Wanacheka vitu vilivyotokea kabla yangu. Soksi nazifua wakiwa wamekwenda kula, nazianika chini ya taulo. Wiki iliyopita mmoja aliinua taulo akauliza, "Wewe unacheza mpira?" Nikashika ncha ya taulo. Halafu nikasema, "Hapana, nina ugonjwa wa miguu, unaitwa lipedema." Akasema, "Aa," akaendelea kumenya chungwa. Akanipa nusu. Nimekuwa nikiwaza tangu wakati huo kwamba kwa miaka yote nilijiandaa kwa kila kitu isipokuwa hiyo "aa".

Buti mama alizipasua nyuma, akazitia kipande cha mpira kwa ile cherehani ya kushonea mabegi. Sindano mbili zilivunjika. Tunatembea kuanzia saa mbili mpaka saa nane. Saa ya nne ya kutembea miguu huanza kuuma na nakuwa wa mwisho. Mwalimu alinitazama akanipa kazi ya kushika ile fimbo yenye namba, kwa sababu mshika fimbo husimama mahali mpaka wote wamsome kwa chombo. Watu kumi na wanane wanakutazama wima, kuanzia kofia mpaka buti. Siku ya kwanza nilitaka ardhi inimeze. Sasa nashika tu, isiyumbe.

Kabla sijaondoka mama alifungua daftari jipya, akaandika jina lako juu ya ukurasa, akapiga mistari ya vipimo, akaacha wazi. Alisema nisikuambie. Nakuambia.

Kimya


2 Novemba

Kimya wangu,

Marahaba, mshika fimbo. Nimekawia. Barua yako ya Agosti niliiweka kwenye droo kama ile nyingine, na safari hii droo haikufungika.

Yule mwenzangu wa dirisha la pili anaendelea kuongea. Juzi aliniuliza, "Mama, mbona kila siku nakukuta umeshafika na nakuacha hujaondoka? Unalala humu?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaanza kuniangalia. Nikainuka palepale, nikaenda kuchukua chai yangu mwenyewe, mbele yake, kwenda na kurudi. Chai ilimwagika nusu. Yeye akasema, "Ungeniletea na mimi."

Kuna jambo sikukuambia. Zahanati walitaka kunipima wao, nikakataa, nikaomba fomu niende nayo nyumbani. Soksi zangu nilijipima mwenyewe, nimeinama, mlango nimefunga. Mwaka wa pili huu zinajikunja juu na kunikata nyuma ya goti, na mimi nilidhani ndivyo zilivyo.

Mwambie mama yako nina likizo kuanzia tarehe kumi Desemba. Chuo kitakuwa kimefungwa, mje wote wawili. Aje na tepu na chaki. Aje na ile sketi pia, nataka kuziona hizo inchi mbili. Treni yenu huingia saa moja asubuhi. Nitapimwa hapo hapo tukifika nyumbani, nitakuwa nimetembea kidogo, mama yako atajua apunguze kiasi gani.

Msinitafute dirishani. Nitakuwa nimesimama nje, kwenye jukwaa la abiria, penye mwanga.

Shangazi yako